Ruta Haichaguliwi kwa Wingi wa Antena

Kati ya vyombo vyote vya umeme vilivyomo majumbani mwetu leo, hapana kinachofanya kazi kwa saa nyingi na kushukuriwa kidogo kuliko ruta. Redio huzimwa watu wanapolala, runinga hupumzishwa, hata jokofu lina vipindi vyake vya kunyamaza. Lakini ruta huachwa ikiwaka usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi, juu ya kabati au nyuma ya runinga, imefunikwa na vumbi, na hakuna anayeikumbuka ila siku intaneti inapokatika. Siku hiyo ndipo lawama zote huiangukia, na mwenye nyumba hutoka mbio kwenda dukani kutafuta nyingine.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu ruta nyingi zilizomo katika nyumba za Pwani zimezeeka kwa pamoja. Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na waajiri wengi wakawataka wafanyakazi wao wabaki majumbani, familia nyingi ziliingiza intaneti nyumbani kwa mara ya kwanza. Kifaa kilichofungwa wakati ule kimekaa miaka yote hii katika joto, katika hewa ya chumvi, na katika umeme unaopanda na kushuka. Si ajabu basi kwamba malalamiko ni mengi, na kwamba wauzaji nao wamelijua soko hilo.

Lakini kabla ya mtu kutoa fedha zake, yafaa kwanza ajue kama mkosa ni ruta kweli. Intaneti ya Afrika Mashariki huingia kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari, na kadhaa kati ya mikongo hiyo huibuka nchi kavu hapa hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu mwaka 2009, na EASSy tangu 2010. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na huduma ikazorota Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na zaidi Tanzania. Hapana ruta duniani ambayo ingemwokoa mtu siku ile. Hata hivyo hatuna shaka kwamba wapo walionunua mpya, na zilipokwisha tengenezwa nyaya wakaisifu ruta yao kwa kazi iliyofanywa na meli ya mafundi.

Njia ya kumjua mkosa ni nyepesi na haina gharama. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, si kwa hewa, kisha upime kasi. Pima alfajiri, na upime tena saa tatu usiku, wakati mtaa mzima unatazama filamu. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri alfajiri na mbaya usiku, basi msongamano uko kwa kampuni inayokuuzia huduma, na anayestahili kusumbuliwa ni yeye. Ikiwa kwa waya ni nzuri wakati wote, lakini simu iliyowekwa kando ya ruta inapata robo yake, hapo ruta ina la kujibu. Na ikiwa simu inapata vizuri sebuleni na haipati kitu chumbani, mkosa ni ukuta, na ukuta tutarudi kwake baadaye.

Kuna na adapta, ile inayochomekwa kwenye soketi. Ruta inayozimika na kuwaka yenyewe mara kwa mara, hasa jioni umeme unapokuwa dhaifu, huenda ikawa nzima kabisa na adapta yake ndiyo iliyochoka. Bei ya adapta ni sehemu ndogo tu ya bei ya ruta. Lakini inunuliwe yenye volti zilezile zilizoandikwa chini ya ruta, na ampea zisizopungua zile za kwanza. Aliyechomeka ya volti 12 katika ruta ya volti 9 atakuwa ameyamaliza mashaka yake kwa namna asiyoitaka.

Sasa tuje kwenye sababu ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ndiyo isiyotajwa dukani. Ruta ni kompyuta ndogo, na kama kompyuta zote ina programu ndani yake. Programu hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kasoro ambazo hugunduliwa baadaye, na mtengenezaji mwema hutoa masahihisho kila zinapogunduliwa. Lakini hufika siku mtengenezaji akaiacha. Ruta huendelea kuwaka taa zake zote, intaneti huendelea kupatikana, na mwenye nyumba hajui kwamba tangu siku hiyo kila kasoro mpya inayogunduliwa itabaki wazi milele.

Haya si maneno ya kutishana. Mei 2018 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba programu ya uharibifu iliyopewa jina la VPNFilter ilikuwa imeingia katika ruta na vifaa vya namna hiyo visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Zikiwamo ruta ndogo ndogo za majumbani, za aina zinazouzwa kila mahali. Na Mei 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya ruta zilizokwisha achwa na watengenezaji wake, nyingi zikiwa za mwaka 2010 au kabla yake, ambazo wahalifu walizivamia na kuzigeuza pazia: mwizi hupitisha shughuli zake ndani ya ruta ya mtu asiyejua lolote, kisha humkodisha mwizi mwenzake njia hiyo.

Watu husema, "Mimi sina siri, waniibie nini?" Sivyo. Kurasa za benki na za kutumiana pesa zimefungwa kwa ufunguo wake zenyewe, na aliyeiteka ruta hawezi kuzisoma kirahisi. Awezalo ni kukupeleka penginepo. Wewe unaandika jina la benki, naye anakuonyesha ukurasa unaofanana na wa benki. Na awezalo zaidi ni kutenda uovu kwa jina lako. Kenya ina sheria ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Mpelelezi akiifuata nyayo ya mhalifu, anwani atakayoifikia ni ya nyumba ilimo ruta. Mzee aliyestaafu, anayelipia intaneti ili wajukuu wasome, atalazimika kueleza mambo ambayo hata lugha yake haielewi.

Kwa hivyo la kwanza la kufanya ni kuigeuza ruta chini juu, kusoma jina na namba ya toleo lake, na kutafuta katika tovuti ya mtengenezaji tarehe ya sahihisho la mwisho. Kama lipo jipya, liwekwe, na huenda safari ya dukani ikawa haina haja. Kama limetolewa tangazo kwamba ruta hiyo imeachwa, ibadilishwe hata kama inakwenda vizuri. Pale ambapo hakuna tangazo lolote, sisi tungeihesabu ruta isiyopata sahihisho kwa miaka mitatu kuwa imekufa. Kadhalika ile isiyojua ulinzi mwingine ila WEP, ambao wataalamu waliuvunja tangu mwaka 2001. Inayofaa leo ni yenye WPA2 kwa uchache, na inayonunuliwa mpya iwe na WPA3, uliotolewa mwaka 2018.

Wapo mafundi watakaosema kwamba ruta iliyoachwa yaweza kufufuliwa, nao wasema kweli. Iko programu ya bure iitwayo OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004 kutokana na ile ruta ya buluu ya Linksys, WRT54G, ambayo mtengenezaji wake alilazimika kuuweka wazi mpango wa programu yake. Mpaka leo OpenWrt huzipa maisha mapya ruta zilizotupwa. Lakini hazikubali zote, zile za kumbukumbu ndogo hazitoshi, na ikikosewa wakati wa kuiweka ruta hugeuka tofali. Ni kazi njema kwa kijana mwenye kupenda ufundi, na tungefurahi kuiona ikifundishwa vyuoni. Kwa mama wa nyumba mwenye shughuli zake, anunue mpya.

Anunue ipi? Hapa ndipo watu hupotezwa. Muuzaji huonyesha sanduku lenye picha ya kifaa chenye antena sita kama kaa aliyepinduliwa, na juu yake namba kubwa, tuseme AX3000. Mnunuzi huelewa kwamba atapata kasi ya megabiti 3,000. La hasha. Namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha: megabiti 574 za mawimbi ya gigahezi 2.4, na 2,402 za mawimbi ya gigahezi 5. Jumla 2,976, ikanyooshwa hadi 3,000. Ni kama mtu mwenye mabasi mawili, moja la abiria 25 na jingine la abiria 60, akajitangaza kuwa ana basi la abiria 85. Simu ya kawaida hushika mawimbi ya aina moja tu kwa wakati mmoja, na hata hayo aghalabu haiyafikii zaidi ya nusu ya kiwango kilichoandikwa, kwa sababu simu yenyewe ni ndogo na redio yake ni ndogo.

Juu ya hayo, nyumba inayolipia megabiti 20 kwa mwezi haitapata 21 kwa ruta ya bei yoyote. Wanaopaswa kujali upande huo ni wale wanaolipia zaidi ya 100, maana ruta nyingi za zamani, na hata baadhi ya mpya za bei rahisi, zina milango ya waya isiyopitisha zaidi ya hapo. Anayelipia 200 kwa ruta ya namna hiyo anatupa nusu ya fedha zake baharini kila mwezi, na kampuni haitamwambia.

Na antena? Nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kutoa ina mpaka uliowekwa na mamlaka za mawasiliano za kila nchi. Kuongeza antena hakuifanyi ipaaze sauti kupita mpaka huo. Antena zaweza kuisaidia kuwahudumia watu wengi kwa mpango bora, hilo ni kweli. Lakini hata ruta ingekuwa na sauti ya ngurumo, simu iliyoko chumba cha mwisho ni lazima ijibu kwa kisauti chake kidogo, na jibu hilo lisipofika mazungumzo hayapo.

Lililo na maana ni kizazi cha waifai chenyewe. Waifai ya 4 ni ya mwaka 2009. Ya 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019. Ya 7 mwezi Januari 2024. Kizazi cha 6 kina faida moja inayozifaa nyumba zetu, ambazo watu ni wengi na kila mmoja ana simu: kinaweza kuvihudumia vifaa kadhaa kwa mkupuo mmoja badala ya kuvipanga foleni. Kwa hiyo tungemshauri mnunuzi wa leo achukue ya 6, yenye WPA3 na milango ya waya ya megabiti 1,000. Ya 7 ni nzuri, lakini haina faida kubwa kwa nyumba ambayo simu zake zote ni za kizazi cha nyuma, na bei yake yaweza kununua ruta mbili.

Ruta mbili ndizo hasa zinazohitajika katika baadhi ya nyumba, na hapa tunarudi kwenye ukuta. Waliotunga maelezo ya masanduku hayo waliwaza nyumba za mbao na mbao laini za jasi. Hawakuuwaza Mji wa Kale wa Mombasa, wala Lamu, wala Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hufikia unene wa nusu mita, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, yaani karibu mita tatu. Maana yake ni kwamba kila baada ya hatua chache wimbi hukutana na ukuta mwingine mnene. Uhodari wa wajenzi wa zamani katika kuzuia joto umekuwa uhodari wa kuzuia waifai. Katika maghorofa mapya hali si njema sana pia, kwani sakafu ya zege yenye nondo huifungia ruta katika ghorofa yake.

Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni kiasi cha sentimita 12 na nusu, hupenya kuta vizuri kidogo kuliko yale ya gigahezi 5, ambayo ni mafupi kwa nusu. Lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na katika jengo la familia 20 chaneli hizo hugombewa kama mfereji wa maji wakati wa uhaba. Kwa hiyo katika nyumba ya mawe dawa ni kuisogeza waifai karibu na watu. Ruta moja ya bei ya wastani iwekwe mbele, nyingine ndogo nyuma au juu, na baina yao upitishwe waya. Waya huo ni rahisi, na fundi huupitisha kwa nusu siku. Vile vifaa vinavyodaka waifai na kuirusha tena bila waya vinasaidia pale waya hauwezekani, lakini vingi vyao hupoteza nusu ya kasi njiani, kwa kuwa mdomo uleule ndio unaosikiliza na kusema.

Pengine hata hilo halihitajiki. Tumeona ruta zimefungiwa ndani ya kabati la chuma, zimewekwa nyuma ya jokofu, au zimelazwa sakafuni. Ikitolewa hapo na kuwekwa juu, katikati ya nyumba, huenda mzee huyo akaonekana kijana.

Umeme nao uingie katika hesabu. Ruta inayokula wati 10, ikiwaka mwaka mzima, humaliza uniti 87 na zaidi. Kubwa zenye antena nyingi hula zaidi ya hapo. Jambo la faida zaidi ni kuchagua ruta inayotumia volti 12, kwa sababu vile vibetri vidogo vya akiba vinavyouzwa madukani kwa ajili ya ruta vingi ni vya volti hizo. Aliye na intaneti ya faiba, umeme wa nyumba unapokatika, anaweza kuendelea na kazi yake maadamu kisanduku cha faiba na ruta vyote viwili vimeunganishwa na betri hiyo. Wengi huiunganisha ruta peke yake, kisha wakashangaa.

Na kabla ya yote haya, aliyepewa ruta na kampuni ya huduma aiulize kampuni hiyo maswali mawili: kama inabadilisha kifaa kilichozeeka bila malipo, na kama inamruhusu mteja kufunga cha kwake nyuma ya chao. Ruta ya kampuni ni mali ya kampuni, na masahihisho yake ni wajibu wa kampuni. Mteja anayelipa kila mwezi kwa miaka mitano hapaswi kuona haya kuuliza.

Lakini mwananchi hawezi kuachiwa mzigo wote. Anayenunua maziwa huikuta tarehe ya mwisho imepigwa chapa. Anayenunua dawa vivyo hivyo. Anayenunua ruta haikuti. Huweza kulipa fedha kamili kwa kifaa kipya ndani ya sanduku lake, ambacho mtengenezaji alikwisha kukiacha mwaka uliopita kikingali katika ghala. Uingereza imelishughulikia jambo hilo: sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inawataka watengenezaji wa vifaa hivyo watangaze ni mpaka lini watatoa masahihisho, na inakataza maneno ya siri ya jumla ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani na kila mwizi anayajua. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka 2024, ambayo wajibu wake mkubwa utaanza Desemba 2027.

Hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hukagua aina za vifaa vya mawasiliano kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na TCRA. Mlango wa kupitia basi upo. Tunaomba kigezo kimoja kiongezwe: hapana ruta itakayoruhusiwa kuingia sokoni bila ya tarehe ya mwisho wa masahihisho kuandikwa juu ya sanduku, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za AX3000. Gharama ya wino huo ni ndogo. Watengenezaji wanaozitangaza tarehe hizo London hawana sababu ya kutuficha sisi.

Mpaka hapo litakapofanyika, mnunuzi aitafute tarehe hiyo mwenyewe kabla ya kulipa, na ajihadhari na ruta za mitumba zilizotoka nchi za nje, ambazo baadhi yake zimefungwa zitumike na kampuni moja tu ya huko zilikotoka. Akifika nyumbani abadilishe neno la siri la kuingilia katika mipangilio, si lile la waifai peke yake. Na ile ya zamani asimpe jirani wala kuiuza kabla ya kukibonyeza kwa sekunde kama kumi kile kitufe kilichojificha katika kitundu cha nyuma, kwa ncha ya pini, mpaka taa zote zizime na kuwaka upya. Kwani ndani yake bado mna neno la siri la nyumba yake.